Bangili ya Elida

Agnesi alikufa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, akiwa amevaa jina la dada yake mkononi.

Niseme mapema kwamba jina hilo nilimfunga mimi. Ni bangili ya plastiki, tunaiandika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili. Zililetwa wodini pamoja na mwongozo wa taifa wa usalama wa mgonjwa. Tulikaa semina siku mbili, na tuliporudi, Dismasi, mratibu wetu wa usalama, akabandika karatasi juu ya kila kitanda: MUULIZE MGONJWA KABLA YA KUMPA DAWA. Muulize jina, usimtajie. Hakuna aliyeushika mwongozo ule kama mimi. Wenzangu walinitania, wakaniita Sista Bangili.

Agnesi aliuza mawese sokoni Mwanga, na kwa miaka miwili nilikuwa mteja wake. Debe lilimkata mguu, jeraha likatunga usaha, na Jumatatu dada yake Elida akamleta kutoka Bangwe. Elida ameolewa na mwalimu, ana kadi ya bima. Agnesi hakuwa nayo. Kwetu kadi ya bima huazimwa kama kinu. Anayemnyima nduguye huonekana ana roho mbaya, na sisi tunaoipokea dirishani tunajua na tunanyamaza. Picha ya kadi ni ndogo. Dada wale walikuwa na paji la uso moja.

"Jina lako kamili?" nilimuuliza Agnesi, kama karatasi isemavyo.

"Elida Martini," alijibu, akibana kicheko.

"Umezaliwa lini?"

"Tarehe kumi na mbili Aprili, mwaka tisini na sita." Aliitoa kama mtoto anayekariri amri kumi. Kisha akaninong'oneza, "Sista, wiki hii meza yangu anakaa jirani. Usikubali akupunje, yule ana mkono mwepesi."

"Nyamaza, mgonjwa. Mimi simjui muuza mawese yeyote."

Tukacheka wote watatu, hata Elida aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika tumbo lake la miezi saba.

Nikauliza swali la tatu: "Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

Agnesi alifungua kinywa. "Yaya," alimwita Elida, kama watu waliotoka ng'ambo ya ziwa wamwitavyo dada mkubwa, "ile sindano ya..."

"Hakuna," Elida akadakia. "Mwaka jana alichomwa kristapeni hapahapa, siku tano nzima. Tazama kwenye faili."

Nikatazama. Kweli, faili la Elida lilisema hivyo. Nikaweka tiki. Tiki tatu, safi, zimenyooka. Kwa karatasi ile, wodi nzima haikuwa na mgonjwa aliye salama kuliko Agnesi.

Kesho yake asubuhi nilimchoma kristapeni ya kwanza. Elida alikuwa ametoka kuchukua uji. Sikuwa nimetupa hata bomba la sindano Agnesi alipoanza kujikuna viganja. Midomo ikavimba, pumzi ikawa nyembamba kama uzi. Tulimpa adrenalini na oksijeni, daktari akapanda kitandani na kumbana kifua. Elida aliporudi na chupa ya uji, tulikuwa tumeshamfunika.

Mchana nilishuka masjala. Faili la Agnesi Martini lilikuwepo, rafu ya tatu, la tangu akiwa na miaka saba. Juu ya jalada mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Kristapeni ni penisilini hiyohiyo. Nilikaa sakafuni nikiwa nimelikumbatia lile faili mpaka karani akaniuliza kama naumwa.

Dismasi aliniletea fomu ya taarifa ya tukio. Ilikuwa mpya, katika bunda lake ni moja tu iliyowahi kujazwa, ya mgonjwa aliyeteleza chooni.

"Hatutafuti mchawi, Skolastika," alisema. "Tunatafuta panapovuja. Anayetoa taarifa kwa nia njema haadhibiwi, mwongozo umesema."

"Mwongozo umesema. Na wewe unasemaje?"

Alitazama dirishani. "Mimi nasema andika mgonjwa aliulizwa, ikajibiwa hakuna. Huo si uongo."

Haukuwa uongo. Ubaya wake ulikuwa hapo.

Elida alinisubiri kwenye korido, kanga imemteleza kichwani.

"Sista, acheni tumzike kwa jina hilohilo," alisema. "Ukiandika ukweli, mwalimu atafukuzwa kazi. Na wewe je, utapona?"

"Sitapona. Lakini kibali cha mazishi kitasema wewe ndiye uliyekufa, Elida. Ukija kujifungua nikuulize jina gani?"

Alijishika tumbo.

"Alitaka kusema," alisema. "Ile sindano ya utotoni. Nilidhani akisema tutagundulika, nikamfinya chini ya shuka. Ulimsikia alivyoanza?"

"Nilimsikia."

"Basi kwa nini hukumngoja amalize?"



Tulikwenda pamoja mochwari. Mwili ulikuwa baridi, na mkononi bangili imeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri, ELIDA MARTINI. Elida alilisoma jina lake kwenye mkono wa maiti, midomo ikicheza. Nilichukua mkasi nikaikata. Mhudumu akauliza marehemu aandikwe nani. Nilimtazama Elida, nikangoja. Safari hii nilingoja.

"Agnesi," alisema hatimaye. "Agnesi Martini. Mdogo wangu."

Nikarudi wodini nikajaza fomu. Niliandika: Nilijua mgonjwa si Elida. Kwenye kisanduku kinachouliza nini kingezuia tukio, niliandika kwamba ningemngoja amalize kusema. Fomu haitaki jina la mwandishi. Nililiandika.

Alhamisi tulimzika. Msalaba ulikuwa na jina lake, rangi bado mbichi. Nilipompa Elida pole hakuitikia. Wanawake wa Bangwe wakanipisha kama mtu aliyebeba moto. Jumatatu nikapata barua: nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Mwalimu naye ameitwa ofisini mara mbili. Dismasi alinipigia simu, akasema amepeleka mwongozo kwa wakubwa, ukurasa ule wa kutoadhibiwa ameupigia mstari. Akasema pia ameongeza neno kwenye karatasi za juu ya vitanda: MNGOJE AMALIZE. Wauguzi wanalalamika, linawachelewesha.

Nilikuwa nyumbani, mwezi wa pili wa kukaa bure, niliposikia kwamba Elida amejifungua. Hakwenda hospitali. Uchungu ulimshika mchana kweupe na gari lilikuwepo, lakini alikataa katakata, akajifungulia chumbani kwake, Bangwe, kwa mikono ya jirani. Alipoulizwa sababu alisema kule kuna watu wanaouliza majina.

Alipoteza damu nyingi, lakini yu hai. Mtoto ni wa kike. Jina lake sijauliza.