Kuku wa Mkono wa Nabwile

Jumanne asubuhi Nabwile alifungua friza awaangalie tu kuku wake, na mkono ukamsimama hewani. Walikuwa wagumu kama mawe, ndiyo. Lakini ule mfuko mdogo wa firigisi, alioufunga kwa uzi mwekundu na kuuweka juu kabisa, haukuwa juu. Ulikuwa chini, umezama ndani ya barafu yenye rangi ya damu iliyochujuka. Na kuku aliowapanga kwa mistari walikuwa wamelaliana, huyu shingoni mwa yule, kama watu waliochoshwa na safari.

Kitu kikishashikwa na barafu hakihami. Hawa walikuwa wamehama.

"Nelima," aliita.

Binti yake akatoka jikoni na kikombe cha chai. Alikuwa amefika Matisi, mtaa wa Kitale, Jumapili adhuhuri kutoka Webuye, anakofundisha chekechea, ili wasaidiane na maandalizi ya ukumbusho wa baba yake.

"Hii friza uliikuta aje Jumapili?"

"Plagi ilikuwa chini, nikaichomeka. Kwani?"

"Ilikuwa chini."

"Ee. Nilidhani umeizima ndio stima isiende sana."

Nabwile alishusha kifuniko polepole. Alhamisi wamama wa ushirika walikuja kwake kwa maombi. Dinah alileta spika, sebule ina soketi moja, na aliyechomoa friza hakuwa Dinah wala shetani. Ni yeye mwenyewe, huku akiimba. Waliomba sana siku hiyo, waliombea ukumbusho huohuo, na walipomaliza walikusanya nyaya zao wakaenda. Kesho yake akatoka alfajiri kwenda Moi's Bridge kukaa na dada yake aliyefiwa, akarudi Jumatatu jioni, akasikia friza inanguruma vizuri, akalala. Kumbe kuku walikuwa wamekaa bila baridi Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, mpaka Jumapili adhuhuri. Na jua la Februari lilivyo.

Kuku hao hawakuwa kitoweo tu. Kwa kina Wangila, marehemu mume wake, huko Bungoma, mjane akitaka kuhesabiwa mtu wa boma, huleta kwenye ukumbusho kuku aliowafuga kwa mkono wake, na kila ndugu wa marehemu hupewa firigisi yake. Firigisi ikishaliwa, neno la mjane husikilizwa. Nabwile alikuwa na neno moja. Alitaka siku yake ikifika alazwe kando ya mume wake. Siku waliyomzika Wangila, miaka mitatu iliyopita, kaka yake mkubwa Walubengo alisema mbele ya watu kwamba mama huyu ni wa Kitale, atazikwa na watu wa Kitale. Baadaye, baada ya kubembelezwa na kasisi, akalegeza. "Alete kuku, tule, tuongee."

Basi akafuga. Mwisho wa mwezi wa kwanza kideri kikaingia Matisi, kuku wa majirani wakawa wanapinda shingo na kufa. Wake walikuwa bado wazima, kumi na wawili. Akawachinja kumi na mmoja kabla ugonjwa haujafika kwake, akabakisha mtetea mmoja wa kijivu aliyekuwa ameanza kulalia mayai chini ya kitanda.

Sasa alitoa kuku mmoja, akamweka kwenye beseni mpaka barafu ikaachia. Kwa nje alikuwa kuku tu. Nabwile akashika kisu, akachana paja mpaka kwenye mfupa, akainamisha pua. Hakuhitaji kurudia.

"Lakini hanuki sana, Mama," Nelima alisema. "Tukimchemsha na tangawizi nyingi? Moto si unaua kila kitu."

"Unaua wadudu. Ile sumu wameacha ndani, moto hauitoi. Nyanya yako Nekesa ana miaka themanini na tatu. Nimpelekee hii?"

Dinah alipopata habari alikuja mbio, kanga mabegani, akasimama mbele ya friza kama mbele ya jeneza. "Dada, si tuwawekee mikono? Mungu hashindwi."

"Tuliwaombea Alhamisi, Dinah."

Dinah akatazama chini. Nelima alijifanya anakohoa, akaingia jikoni. Hapo ndipo Nabwile naye alicheka, kicheko kifupi kilichomwacha na machozi.

Walichimba shimo nyuma ya choo, refu mpaka kiunoni, maana mbwa wa Matisi hawana adabu. Nabwile alivunja barafu kwa mpini wa jembe, akawatoa kuku mmoja mmoja. Kila mmoja alimjua. Yule jogoo aliyekuwa anawika kabla ya mwadhini. Yule mwenye kidole kilichopinda. Mfuko wa uzi mwekundu aliuweka mwisho, akamwaga jivu la jikoni, akafukia, akaburuta jiwe la kufulia akaliweka juu. Halafu akaosha friza kwa maji moto na sabuni, akasugua na ndimu, akaiacha wazi ikauke.

Zulekha, jirani anayeuza kuku wa kienyeji karibu na msikiti, alimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Mama Nelima, chukua wangu. Hawa nilitoa mbali, hawana kideri. Utanirudishia ukifuga wengine."

"Na nikiulizwa?"

"Sema ni kuku wa Matisi. Hautakuwa umedanganya, ama?"

"Zulekha, ile siku watanionyesha mahali pa kulala, nitapiga magoti hapo. Nitamwambia Mungu ni kuku wa nani?"

Zulekha alikaa naye ngazini mpaka mwadhini alipoita.

Jumamosi Nabwile alifika bomani kwa mume wake na kapu moja. Ndani alikuwamo yule mtetea wa kijivu. Alikuwa amemtoa juu ya mayai yake saa kumi na moja asubuhi, na mtetea alimdonoa mkono mpaka damu ikatoka. Mayai aliyafunika kwa sweta, ingawa alijua sweta si mama.

Aliwaeleza wote, wamesimama chini ya turubai. Spika, soketi, siku tatu, shimo. Hakumtaja Dinah. Ndugu wanne wa Wangila walisikiliza huku sufuria za nyama ya ng'ombe wa bomani zikichemka nyuma yao.

Walubengo alichungulia kapuni. "Kwa hivyo, mulamwa, shemeji yangu, ni mmoja."

"Ni mmoja."

"Firigisi moja, wanaume wanne. Tuikate na wembe?"

Watu wakacheka. Mdogo wao akasema ati Kitale siku hizi kuna mashine ya kuozesha nyama, na inafanya kazi vizuri bana. Wakacheka tena. Nabwile alisubiri wamalize.

"Ningeweza kununua wengine," alisema. "Hamngejua."

Walubengo alimwangalia. Kulikuwa na kitu usoni mwake, karibu kiwe heshima, lakini hakikukaa. "Hiyo ni kweli. Hatungejua." Akafunga kapu. "Rudi naye. Analalia mayai huyu, naona kifua hakina manyoya. Fuga. Mwaka ujao utaleta, tutakula, tutaongea."

"Na nikienda kabla ya mwaka ujao?"

Walubengo akamsukumia kapu. Kasisi alikuwa amewasili, viti vikaanza kusogezwa.

Baada ya maombi alitembea peke yake mpaka kaburini. Kando ya Wangila, upande wa kushoto, mahali ambapo yeye alikuwa amepaacha wazi siku zote akilini, mke wa Walubengo alikuwa ameinua matuta ya viazi vitamu. Majani yalikuwa yameshapanda mpaka kwenye simenti ya kaburi. Nabwile aliinama, akayarudisha nyuma taratibu bila kung'oa hata moja. Mama mkwe Nekesa alikuja na mkongojo wake, akasimama pembeni, akamshika kiwiko. Bomani pale neno lilikuwa la wanaume wanne.

Alifika Matisi jua likizama. Friza ilikuwa bado wazi, imekauka, inanukia ndimu. Alimtoa mtetea kapuni, akainua sweta, akagusa mayai kwa mgongo wa mkono. Yalikuwa baridi, yote tisa. Hata hivyo akamweka juu ya mayai hayo.

Mtetea alisimama kidogo, akayatazama kama mali ya mtu mwingine, akatoka chini ya kitanda akaenda kunywa maji.

Nabwile akapiga magoti hapohapo kando ya kitanda. Alianza kwa kushukuru, kama alivyozoea, na akabaki akitafuta neno la kufuata.