Ukingo Uliochomwa

Mwalimu Modesta alikulia kando ya maji huko Mbinga. Ndiyo maana, walipohamia Mtawanya, alimkataza mumewe Andrea katakata asiguse matete ya kijito kilichopita nyuma ya kiwanja chao.

"Yakiondoka hayo, baba Pendo, ukingo utabaki unga mtupu."

Andrea, aliyefanya kazi bandarini, alicheka na kumwonyesha viwanja vya upande wa juu. Vyote vilikuwa vimefyekwa hadi majini, watu wapande mihogo na mchicha. "Sisi tu ndio tunafuga msitu."

Upande wa chini aliishi Yustina, mke wa Gaudensi, fundi cherehani. Yustina na Modesta waliimba kwaya moja. Bomba likikauka walikwenda pamoja kuchota kwenye kidimbwi alichokichimba Yustina mpakani, kivulini mwa matete. Maji yake yalikuwa baridi. Vyura waliruka wakisikia hatua zao, na mara nyingine kambale alitibua tope.

Siku moja ya Oktoba Modesta alirudi kutoka shuleni akakuta swila amejikunja jikoni, nyuma ya ndoo. Binti yake Pendo, ambaye hata kutamka vizuri alikuwa bado, alikuwa amechuchumaa akimchungulia. Modesta alimnyakua mtoto akatoka mbio, akapiga yowe alipofika barabarani. Majirani walimuua yule nyoka.

Asubuhi yake, Andrea hajasema neno, Modesta alichukua kiberiti mwenyewe akayawasha matete. Gaudensi alikuja na panga akamsaidia kufyeka mabichi yaliyokataa moto, kisha akabeba mabua mazuri akajengee uzio.

Yustina alisimama akiutazama moshi. "Mwalimu, kivuli changu hicho."

"Nisamehe, mwenzangu. Angeniulia mtoto."

Yustina aliitikia kwa kichwa. Naye alikuwa na watoto wake.

Jua likaanza kuyapiga yale maji kutwa nzima. Yakapata joto, yakavaa utando wa kijani, yakanuka. Kambale walielea matumbo juu, na vyura hawakusikika tena. Kidimbwi kilipokuwa kikipungua, Yustina aliyafuata maji kwa jembe, akichimba kuingia chini ya ukingo. Modesta aliliona lile shimo likizidi kwenda ndani. Alitaka kumkataza, akaona haya: angemwambia akachote wapi?

Mvua ya kwanza ilikuja kwa fujo, ikateremsha mchanga wa mashamba yote ya juu. Ilipokatika, Yustina alishuka na ndoo kuangalia kama kidimbwi kimejaa. Modesta alikuwa barazani akimsuka Pendo aliposikia kishindo kizito, kama gunia limedondoshwa. Alipotazama, ukingo ulikuwa umemeguka. Yustina hakuonekana.

Walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa kucha. Gaudensi alikuwa akiita jina la mkewe kama mtu anayemwamsha. Walipomtoa, mdomo ulikuwa umejaa udongo.

Msibani wanawake walisema ni kazi ya Mungu. Kwaya ilipoimba, Modesta alisimama katikati yao na sauti haikutoka. Watu walipotawanyika alimfuata Gaudensi uani.

"Shemeji, yale matete…"

"Usiseme." Gaudensi hakumtazama. "Panga nilishika mimi. Ukianza kusema, na mimi itabidi niseme, na watoto wanasikia."

Modesta aliomba miche ya matete kwa mtu wa Naliendele, akaipanda na Andrea ukingoni. Mvua iliyofuata ikaing'oa. Wakapanda tena, ikaondoka na udongo wake. Kiangazi kilipoingia hapakuwa na kijito, bali korongo la mchanga mwekundu lililokuwa limeshafika karibu na ukuta wa jiko lao. Gaudensi alikuwa amehamia Likombe na watoto, bila kuaga.

"Tuuze," Andrea alisema.

"Tumuuzie nani?" Modesta aliuliza. "Na akituuliza habari za hapa, tumwambie nini?"

Andrea aliinuka. Alichukua koleo, akaenda kupanga mifuko ya mchanga nyuma ya jiko.