Mahindi na Maharage

Kwenye somo la uraia la jioni la watu wazima, hapa Nsemulwa, mwalimu Fausta alituambia tuchague kiongozi wa darasa kwa kunyoosha mikono. Nilimtaka Hadia, anayetubebea watoto tukiandika, lakini mwenzetu Abdillah, mwenye duka linalotukopesha, alikuwa anatutazama, basi wote tukamnyooshea yeye.

Mwalimu hakutusema. Alileta chungu, mahindi na maharage, akasema turudie: punje ya hindi kwa Abdillah, ya harage kwa Hadia, kila mtu aidumbukize chunguni akiwa amefumba kiganja.

Chungu kilipomwagwa, maharage yalijaa mezani.

"Kumbe nyie wanafiki!" Abdillah akacheka.

"Kwa nini matokeo yamegeuka?" mwalimu akauliza.

Sikuwa nimewahi kujibu darasani. Nilisimama, mwanangu mgongoni. "Mkono unaonekana, mwalimu. Punje haina jina."

"Hiyo ndiyo kura ya siri, mama Faith," akasema, akanipa chaki. "Njoo utufundishe."