Maji Yaliyowaka Ofisini

Mwalimu Shakila wa chuo alikuja mlimani kupima madini kwenye maji ya kisima. Chupa zake safi za kuchotea maji ziligawiwa na mwenyekiti wa kijiji, ndiyo maana mzee Mkude akaikataa yake. Aliamini kisima kile ndicho kilichomuua mkewe, Hosiana, na wakubwa wanaficha. Akachota kwa ndoo yake ya bati, akaipeleka ofisi ya kijiji alikopimia Shakila.

"Shikamoo, baba. Mbona hukutumia chupa?"

"Marahaba. Chupa imepita mikono ya nani? Wewe pima."

Shakila akaziba dirisha la ofisi kwa khanga, akayamimina maji kwenye dawa iliyochanganywa na sabuni. Yakang'aa buluu.

Mkude akamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa humo akitazama. "Haya, leo utasemaje?"

Shakila akaichungulia ndoo. "Baba, dawa hii huwaka ikikuta chuma, na sabuni huukoleza mwanga. Ndoo yako ina kutu. Hatuwezi kujua kama kilichowaka ni kisima au ni ndoo."

Mwenyekiti akacheka, akamnyooshea chupa. Mkude hakuigusa.

"Nipe nyingine kwa mkono wako, mwanangu," akamwambia Shakila. "Tena twende wote kisimani. Huyu abaki."