Kijiti Hakijafika

Barabara yetu ya kupanda mlimani ilikuwa inapanuliwa kwa pesa za wafadhili pamoja na kodi ya nyongeza tuliyotozwa sisi wakazi wa pembezoni mwa mji, na pesa zenyewe zilikuja kwa mafungu. Fungu la kwanza lilitosha kuchimba upande mmoja. Upande wa pili ukabaki kupitisha magari kwa zamu, ya kupanda yakisubiri ya kushuka, na ya kushuka yakisubiri ya kupanda. Mimi nilisimama chini na kibao changu, kijani huku, chekundu kule. Juu alisimama wifi yangu, dada wa mume wangu, na kibao kama hicho. Katikati yetu kulikuwa na kona kali, ukuta wa mlima uliokatwa, na mtaro wa kumeza lori.

Hatukuonana. Redio za mawasiliano zilikuwamo kwenye bajeti, zikaondolewa. Bango lenye picha ya mwenyekiti wa halmashauri halikuondolewa. Simu zetu msimamizi alizifungia stoo kila asubuhi, eti tusichati kazini. Kwa hiyo tulitumia kijiti. Gari la mwisho kwenye kundi nililoachia lilipewa kijiti chekundu, dereva akamkabidhi wifi kule juu. Akikipata, anajua njia ni tupu, ndipo anaachia magari yake na kumpa wa mwisho kijiti aniletee. Asiye na kijiti haachii gari. Sheria ni hiyo tu, hata mtoto angeielewa.

Wifi yangu sikumwamini, niseme wazi. Ni mtu wa ndiyo kwa kila mtu. Ukimwambia mvua inanyesha, anaanua nguo bila kutazama juu. Mume wangu ndiye aliyemwombea kazi, nami nikanuna siku kadhaa. Nilimwambia kumweka yule njiani ni kutundika pazia mahali pa mlango.

Siku yenyewe wafadhili walikuja kukagua. Fungu la pili lingetoka wakiridhika kwamba kazi inakwenda na magari hayakwami. Msimamizi, ambaye tulimwita Chapchap akitupa mgongo, hakutulia, jasho lilimtoka hata kivulini. Wageni walikuwa juu na mkubwa mmoja wa halmashauri, wakingoja kushuka.

Niliachia kundi langu, nikampa kijiti mzee wa gari dogo jeupe lililokuwa la mwisho. Wakapanda, wakapotea kwenye kona. Nikasubiri magari ya kushuka.

Hayakuja. Foleni nyuma ya kibao changu ikarefuka na honi zikaanza. La kwanza kabisa lilikuwa basi dogo la shule, na kwenye kiti cha nyuma ya dereva alikaa binti yangu, akinipungia mkono kwa fahari, maana mama yake ndiye anayesimamisha magari. Nikampungia. Hapo hofu ikaniingia. Kama kijiti kimefika, mbona hakuna linaloshuka? Na kama hakijafika, yule mzee yuko wapi?

Chapchap akaja mbio kuuliza nimelala au vipi. Nilimweleza kwamba kijiti hakijarudi. Akasema wifi yangu atakuwa amesinzia, wageni wanatazama barabara tupu, na fungu la pili likikosekana sote tutakwenda kukaa nyumbani.

"Achia hao," akasema.

"Siachii bila kijiti."

"Mama, achia. Lawama nabeba mimi."

Lawama ataibeba, nikawaza, na binti yangu je? Sikuyasema. Alishika mpini wa kibao, nami nikaushika, tukavutana mbele ya madereva kama watoto wanaogombania ufagio. Kisha vidole vyangu vikalegea. Akakigeuza kijani, na basi la shule likapanda.

Nilibaki nimesimama mikono mitupu. Halafu nikasikia kutoka juu lori la kokoto likinguruma, mlio wa lori lililojaa linalotaka kuondoka. Nikakimbia. Viatu sijui vilinitoka wapi. Nilimwona wifi kichwani mwangu, mkubwa akimwambia fungua, naye akisema ndiyo bosi, lori likishuka na mzigo wake wote. Nilimlaani, nikamwomba Mungu, nikamlaani tena. Basi likaingia kwenye kona, sikuliona tena, nikawa nakimbia huku nasubiri mshindo.

Pale konani gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa kwenye ua wa nyumba ya mwisho ambayo haijabomolewa. Mzee alikuwa anashusha ndoo za rangi kwa raha zake. Alipofika kwake aliingia uani tu, kijiti kikabaki kwenye kiti. Kwa hiyo wifi hakukipata. Nikaendelea kupanda mbio.

Juu, basi lilikuwa limesimama. Mbele yake lori, injini inanguruma, na nyuma ya lori gari la wageni. Kati ya basi na lori, wifi yangu alikuwa ameketi chini barabarani, mgongo umeegemea bampa la lori, kibao chekundu kimelala mapajani, machozi yanamtiririka. Dereva wa lori alinieleza baadaye kwamba alikuwa ameshaambiwa aondoke, akaachia breki, ndipo huyu mama akakaa. Mkubwa alimfokea ainuke, alimwambia amefukuzwa kazi. Kila alipoamriwa alijibu ndiyo bosi, na hakuinuka.

Sasa mkubwa alikuwa anatazama nyuso za watoto madirishani.

Nilimgusa binti yangu kupitia dirishani, shavu, sikio, nywele, mpaka akaona aibu. Kisha nikamwendea wifi. Alinitazama, akalitazama basi, akaitazama mikono yangu.

"Nilidhani nasubiri gari la kundi lako lililochelewa," akasema. "Nimewaambia hawa, wifi yangu bila kijiti hapitishi hata nzi. Hili la shule limetoka wapi?"

Nilifungua mdomo nimtaje Chapchap, nikaufunga. Niliketi kando yake kwenye vumbi, naogopa kumtazama.