Msuko wa Mwisho wa Lidwina

Mkia wa farasi wa Kiarabu hausukwi kuanzia juu. Anayekuambia vinginevyo ameona farasi kwenye kalenda tu. Pale juu kuna mfupa, na mfupa una nyama na damu. Ukibana pale, damu haipiti, na utauua mkia huku mnyama mwenyewe mzima. Unashuka kwanza, unapapasa mpaka pale mfupa unapoishia, unaongeza upana wa kiganja, ndipo unaanza. Hayo nilifundishwa mimi, Yohanes Komba, nikiwa bado na meno yote, na mwenye shamba la kahawa aliyeniajiri kutunza farasi wake. Kusuka kwenyewe sikuwahi kukuweza, maana vidole vyangu ni vya jembe. Aliyesuka ni mke wangu, Lidwina.

Lidwina alikuwa msusi. Kibaraza chake kilikuwa kwa mdogo wake Kunegunda, kule Mfaranyaki, na wanawake walimfuata hapo hata wale waliokuwa na saluni mlangoni kwao. Mwenye shamba alipofunga shamba na kurudi kwao, aliniachia farasi wake wa mwisho, jike jeupe aitwaye Johari, kwa sababu hakuna aliyemtaka. Nilimchukua kwa ubishi. Majirani zangu wa Matogoro walicheka mpaka wakachoka: Mzee Komba kapewa mnyama asiyekamuliwa, asiyeliwa, asiyelima. Lidwina hakucheka. Alizunguka nyuma ya farasi, akaushika mkia huku mimi nikipiga kelele kwamba atapigwa teke, na hakupigwa.

"Mama huyu ana nywele kuliko wateja wangu wote," akasema. "Nani kamwacha hivi?"

Mkia ulikuwa umeishia magotini mwa miguu ya nyuma, umejaa mbegu za majani, umejisokota kama kamba ya kisima. Lidwina aliapa kuufikisha chini. Nikamwambia nywele za mkia hazina haraka, kwamba utangoja miaka. Akasema, "Kwani tunakwenda wapi?"

Kanuni nilimpa mimi, akaziongezea za kwake. Kitana ni marufuku. Unachambua kwa vidole, unaanzia ncha unapanda juu, unywele mmoja ukikatika umepoteza miezi. Unaosha, unasuuza mpaka maji yatoke meupe, unakausha kabisa, unapaka mafuta kidogo. Kisha unasuka mafungu matatu na kuyaingiza kwenye mfuko, na mfuko Lidwina alishona wa kitenge, wenye vipande vinavyoning'inia ili Johari aweze kufukuzia nzi. Na kila Jumamosi ya pili lazima ufumue. Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote. Msuko ukikaa unashika jasho na unyevu, nywele zinaoza humo humo ndani huku nje pazuri. Wateja wake pia aliwaambia hivyo hivyo: "Rudini mfumuliwe jamani, mtaota ukungu."

Ilichukua miaka minne mkia kugusa ardhi. Farasi wa Kiarabu akifurahi hubeba mkia juu, ndio ukoo wao ulivyo. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunamfungua, anapanda mteremko kuelekea msituni mbio, mkia mweupe umesimama nyuma yake na kumwagika, na mke wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, anapiga vigelegele peke yake. Nami nilijifanya naona aibu.

Kulikuwa na jambo moja la fundo. Lidwina alimalizia kila msuko kwa ukanda wa kitambaa, na fundo lake hakuna mtu mwingine aliyeweza kulifungua. Mimi nafunga fundo moja tu duniani, lile la kamba za viatu, lenye masikio mawili, nililofundishwa shuleni. Alinicheka kwa ajili yake miaka thelathini na minane. "Mzee mzima, fundo la darasa la kwanza." Siku moja nilijaribu kufumua mkia bila yeye, fundo likanishinda, nikalikata kwa kisu na nywele kadhaa pamoja nalo. Hakusema nami tangu Jumapili mpaka Jumatano.

Mwaka jana, mwezi wa saba, baridi ya Matogoro ilimshika kifuani. Jumamosi alitoka nje kajifunga vitenge viwili, akakaa kwenye kigoda nyuma ya Johari, akasuka. Kazi ya saa moja aliifanya mchana kutwa. Nilimletea chai, ikapoa, nikaleta nyingine. Alipomaliza kufunga mfuko aliniita nimwinue. Akasema, "Jumamosi ya pili, usisahau." Jumanne tulimpeleka hospitali. Kunegunda akabaki naye wodini, na mimi nikawa narudi nyumbani kulisha farasi. Alhamisi asubuhi nilikuwa nakata majani Kunegunda aliponipigia simu.

Sisi kwetu matanga yakiisha, wafiwa wananyolewa. Kichwa kikishanyolewa, msiba umetoka nje ya mlango, na nywele zinazoota ni za maisha mengine. Mwanangu, jina lake Leo, alinyolewa, wajukuu wakanyolewa. Ikafika zamu yangu. Kunegunda alikuja na wembe mpya na beseni, macho yamemvimba, naye kichwa chake tayari kitupu.

"Sinyoi," nikasema.

"Mlamu, usifanye hivyo," akasema. Kwetu shemeji ni mlamu. "Nywele za msiba haziwekwi. Na huyo farasi naye afumuliwe, Jumamosi imepita. Dada alisema kwamba—"

Sikumwacha amalize. Nilisimama mbele ya watu wote, mbele ya katekista, nikasema atakayegusa mkia wa Johari ataonana na panga langu, na kwamba wengine wamekuja kula ubwabwa, si kulia. Hayo nilimwambia mwanamke aliyemfumba macho mke wangu. Kunegunda aliufungia wembe kwenye pindo la kanga yake, akaondoka nao. Walioona haya wakamfuata. Leo alikaa siku tatu zaidi, akarudi Mwanza kazini.

Sasa nieleze nilichokuwa nakilinda, maana hata mimi wakati ule nilikuwa sijakisema. Mle ndani ya mfuko, vidole vya Lidwina vilikuwa bado vimekaa. Kila mahali palipopishana fungu na fungu, palikuwa pamepita mkono wake. Nguo zake tuligawa, kama desturi inavyotaka. Chungu chake kilipasuka siku ya matanga. Kilichobaki cha kazi ya mikono yake kilikuwa kinaning'inia nyuma ya farasi, na kukifumua ilikuwa dakika ishirini tu. Kanuni niliijua kama Baba Yetu, na kama Baba Yetu niliipita bila kuisikiliza.

Nikaishi. Nilipika ugali wa watu wawili na kumwaga nusu kwa kuku. Leo alipiga simu Jumapili: "Baba umekula?" Nimekula. "Upo salama?" Nipo. Kisha tunasikilizana tukipumua mpaka salio linaisha. Nywele zikanifunika masikio na ndevu zikashuka. Watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara wakiniona. Kanisani niliacha kwenda, kwa sababu kiti cha pembeni yangu kilikuwa kinakaliwa na mtu yeyote tu. Nilikuwa mpweke, sina neno lingine, na upweke huo nilijitengenezea mwenyewe kisha nikaulaumu mji mzima.

Johari naye alibadilika. Hakupanda tena mteremko. Nilimfungua Jumapili, akasimama pale pale, mkia umelala katikati ya miguu kama kitu asichokijua. Mwezi wa kumi nzi walipozidi, vipande vya kitenge vilikuwa vimechakaa, hana cha kujipigia. Nikakata tawi, nikawa nasimama nyuma yake jioni nawafukuza. Mtu akipita atashangaa: mzee mwenye nywele za kichaa anafanya kazi ya mkia ilhali mkia upo.

Bakili ndiye aliyethubutu. Bakili ni Myao wa Tunduru, ana bodaboda, huniletea pumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Alishusha gunia, akasimama anakunja pua. "Mzee, unisamehe. Huyu farasi ananuka. Hapa nyuma."

"Umeniletea pumba au pua?"

"Wallahi mzee, sikutanii. Hata nyama ikifungwa hivi—"

Nikamwambia aende zake. Akaenda, lakini alipofika barabarani alizima pikipiki, akageuka kunitazama muda mrefu kabla ya kuiwasha tena.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Novemba, nikiwa mashineni nasaga mahindi. Nilirudi mbio, mzee mimi, unga mabegani, nikamkuta Johari amesimama katikati ya uwanja analowa, na ule mfuko unachuruzika. Msuko mkavu wa miezi minne ni kosa. Ukilowa, hiyo ni habari nyingine. Nilijua. Bado nikajiambia utakauka. Siku ya tatu alikuwa anajisugua kwenye nguzo ya banda bila kupumzika, na kwenye nguzo nikaona damu.

Ile damu ndiyo iliyonipiga kofi. Lidwina asingenisemesha mwaka mzima.

Nikachemsha maji. Nikaweka kigoda chake nyuma ya farasi na kukaa, mara ya kwanza tangu akikalie yeye. Nilichukua kisu pia, kwa ajili ya fundo. Nikafungua kamba ya mfuko, nikauvuta chini taratibu. Harufu ikanipanda. Kisha nikatafuta ncha ya msuko, nikaukuta ukanda wa kitambaa, na nikaacha kisu kianguke.

Ulikuwa na masikio mawili.

Fundo la kamba ya kiatu. Fundo la darasa la kwanza. Limekaa upande upande, kama langu, kama la mtu anayeiga mkono usio wake. Miaka thelathini na minane hakuwahi kulifunga hata kwa mzaha. Nikapandisha macho kwenye msuko wenyewe: mpana, mlegevu, mafungu makubwa ambayo hata kidole cha jembe kinapita. Lidwina aliyekuwa akisuka mpaka wateja wanalalamika kichwa kinauma, siku ile, na kifua kinamkoroma, alikaa mchana kutwa akisuka vibaya kwa makusudi ili mimi niweze kufumua.

Alikuwa anajua hatakuwepo. "Jumamosi ya pili, usisahau." Mimi nilidhani anasema sisi.

Nikavuta sikio moja. Likafunguka mara moja, bila shida yoyote. Nililia pale kwa sauti, sikujali nani yuko barabarani. Nilikuwa nimezuia kwa panga kitu ambacho mwenyewe aliniwekea mkononi.

Sehemu ya juu ilikuwa nzima. Kuanzia katikati kushuka, nywele zilibaki mikononi mwangu, mafungu kwa mafungu, zimelainika kama majani yaliyokaa majini. Miaka minne yake, na miezi minne yangu. Niliosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikaosha mkia, nikachambua kwa vidole kuanzia ncha kama alivyotaka, nikakausha kwa shati langu, nikapaka mafuta. Jua lilikuwa linashuka Matogoro nilipomaliza. Mkia ulikuwa umerudi magotini, pale pale alipoukuta. Nzi akatua ubavuni mwa Johari, naye akaupiga mkia, akamkosa nzi na kunipata mimi usoni.

Kesho yake nilimpigia simu Bakili. Alikuja mara moja, akaniangalia nywele, akaangalia mkia. Akanipeleka Mfaranyaki.

Kunegunda alikuwa kibarazani anachambua maharage. Aliniona nikishuka, hakusimama. Ana haki.

"Mlamu," nikasema, "nimekuja kunyolewa."

Aliendelea na maharage kidogo. Nikatoa mfukoni ule ukanda wa kitambaa. Ulikuwa bado na mikunjo ya masikio mawili. Nikauweka kwenye ungo mbele yake.

"Umefumua," akasema.

"Nimefumua jana. Nusu ya mkia imeoza."

Akaushika ukanda, akaunyoosha juu ya goti lake. "Alikuwa amenituma," akasema. "Wodini, usiku ule wa Jumatano. Mwambie Yohanes nimemfungia fundo lake, afumue mwenyewe, asimwachie mtu. Alicheka akisema hivyo, mpaka akakohoa. Nilitaka kukuambia siku ile ya kunyoa."

"Nikakutolea panga."

"Ukanitolea panga."

Nikasema nisamehe, mbele ya Bakili na mbele ya mteja wa zamani wa Lidwina aliyekuwa akipita. Kunegunda alifuta macho kwa kanga, akaingia ndani, akarudi na beseni la maji na wembe ule ule, bado umo kwenye karatasi yake.

"Kaa hapa, mlamu," akasema. "Inamisha kichwa."

Nikainamisha.