Simu ya Kamera Tatu

Nianze kwa kusema wazi: simu za bei kali sizipendi, na wanaozibeba wengi wao siwapendi pia. Namsema yule anayeingia misa ya kwanza ameishika mkononi, upande wa kamera nje, ili hata padri aione. Namsema kijana aliyerudi kutoka Kakanda na pesa za kobalti, akanunua simu ya dola elfu moja, na wiki mbili baadaye akaja mlangoni kwangu kuomba unga wa kukopa. Nilimpa unga. Nilimwambia pia ajaribu kuichemsha ile simu, labda itatoa mchuzi.

Mimi nina kisimu cha vitufe. Kinapiga, kinapokea, kina tochi, na betri yake inakaa siku nne. Naitwa Rosalie, nashona nguo hapa Likasi tangu mume wangu akiwa hai, na kazi ya kupima watu nimeizoea.

Sasa mjue kuhusu Joachim. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi. Anafanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, akirudi jioni kope zake ni nyeupe kama za mzee. Kwa miaka mitatu amekuwa akijenga nyumba yake upande wa Kamatanda, matofali ya udongo mabichi, chumba baada ya chumba, kila mwisho wa mwezi. Mwaka huu kuta zilikamilika. Kilichobaki ni paa, na pesa ya paa alikuwa nayo: dola elfu moja na mia nne, amezitunza kwangu ndani ya mkebe wa vifungo, mbali na akiba ndogo ya mahari. Kila mtu hapa anajua mvua inachofanya kwa kuta za udongo zisizo na paa. Mvua ya kwanza inazilainisha. Ya tatu inazilaza chini.

Joachim alitaka kumuoa Plamedie, msichana mwenye kibanda karibu na soko, anayeuza makava ya simu na kubandika vioo vya kulinda skrini. Maneno machache, mikono myepesi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na mimi si mtu wa kupenda watu siku ya kwanza.

Baba yake Plamedie alikwisha kufa, kwa hiyo mahari, au dot kama tunavyoiita huku, ilikuwa mikononi mwa mdogo wa huyo marehemu, papa Théophile, karani mstaafu. Ukoo wao ulitoka Kasai wakati wa babu, kufanya kazi za migodi, na ni watu wema kabisa. Ila hakuna ukoo wa watu wema usiokuwa na Théophile wake mmoja.

Alitupokea sebuleni na karatasi ya orodha, imepigwa chapa. Mbuzi wawili, sawa. Vitenge vya mama, sawa. Suti yake, viatu vyake, haya, sawa. Halafu akasafisha koo na kusoma mstari wa mwisho: simu moja ya kamera tatu, toleo la mwaka huu, mpya, ndani ya boksi lake. Akataja na bei, tusije tukajifanya hatuijui. Dola elfu moja na mia tatu.

"Papa Théophile," nikamwuliza, "ile telefone ni ya nani?"

"Ya familia."

"Familia itaiweka ku sikio ya nani?"

Hakucheka. "Mama Rosalie, telefone ya muntu njo inaonyesha ule muntu ni nani. Minye siwezi kutoa mutoto ya kaka yangu kwa bantu ba tutelefone twa mabouton."

Na wakati anazidharau hivyo simu za vitufe, simu yake mwenyewe ilikuwa mezani, imefungwa kwa mpira wa sidiria ili betri isidondoke. Niliitazama ile simu, nikamtazama na yeye. Nilimpima mara moja na vipimo nikavipata.

Njiani kurudi nilimwambia Joachim akatae. Akatikisa kichwa.

"Tantine, nikikatala batamupa mwengine. Kuko mwanaume ya Kolwezi anaishaka kuuliza."

"Na nyumba?"

"Nyumba itangoya."

"Mvua haitangoya, Joachim!"

Akaongeza mwendo tu. Ni mtoto asiyejua kusema uongo. Ukimwuliza kama chakula ni kitamu na si kitamu, masikio yake yanakuwa mekundu. Usiku ule aliufungua mkebe mwenyewe, akanikabidhi pesa yote, akaniomba niende Lubumbashi kununua, maana vitu vya dot hununuliwa na shangazi. Alikuwa analia, akijidai ni vumbi la chokaa. Nilimchukia Théophile kwa moyo wangu wote.

Nataka mjue kwamba niliondoka Likasi na nia safi. Niliingia duka la kwanza lenye vioo vizuri, nikasema ninachotaka. Mwenye duka, kijana mwenye miwani, akaniwekea simu mbili juu ya meza.

"Mama, minye sidanganyi bantu," akasema. "Moja ni ya kweli, moja ni copie. Chagua weye."

Nilizishika zote mbili. Uzito uleule, kung'aa kulekule, kamera tatu na kamera tatu. Nikampigia mtu kwa moja, nikampigia kwa nyingine. Sauti ikawa sauti. Nikapiga picha ya mkono wangu kwa zote mbili, na mkono ukawa mkono wangu, na mikunjo yake yote.

"Ya kweli ni gani?" nikamwuliza.

Hapo yule kijana akazichukua, akazigeuza, akainama na kuchungulia chini, penye tundu la kuchajia. Nusu dakika nzima. Ndipo akasema, "Hii."

"Kumbe hata weye mpaka uchungulie?"

"Mama, bantu banalipa jina."

"Na copie ni ngapi?"

"Makumi saba. Na boksi yake."

Nilisimama pale nikihesabu, na hesabu haikuwa ngumu. Mtu anayeuza simu kutwa anahitaji kuchungulia tundu ili ajue. Basi dola elfu moja na zaidi zimo ndani ya lile tundu, na Théophile si mtu wa kuinama. Nikachukua ya dola sabini. Siku hiyohiyo nikanunua mabati, na niliporudi Likasi nikalipia mbao na misumari, vyote nikaviacha kwa wauzaji mpaka dot ipite. Joachim sikumwambia neno, kwa sababu ya yale masikio yake.

Nilijiona mwerevu sana. Nilijiona mwerevu siku kumi na mbili kamili, hadi Jumamosi ya dot, saa nane mchana, viti vimepangwa uani kwao, vitu vimepangwa mkekani, mbuzi wamefungwa kwenye mguu wa meza. Théophile alisoma orodha kitu kwa kitu, akikagua. Alilipima koti la suti mbele ya watu. Alipofika kwenye simu alilifungua boksi kwa ncha za vidole kama padri na hostia, akaitoa, akaiinua juu ili majirani waliokuwa ukutani nao waone. Watu wakapiga makofi. Kupigia makofi simu! Nami nikapiga, nikicheka moyoni.

Ndipo wakamtoa bibi harusi. Kwetu dot haiishi kwa wanaume kukubaliana. Binti anasimamishwa mbele ya vitu na kuulizwa kama vipokelewe, na akisema hapana, vinarudi vilikotoka na wageni wanafuata nyuma. Plamedie akatoka ndani amevaa kitenge cha bluu nilichomshonea mwenyewe. Nikamtazama akikaribia mkeka, na ndipo nikakumbuka.

Huyu msichana anabandika vioo vya simu. Simu hamsini zinapita mikononi mwake kwa siku. Nami, Rosalie mpima watu, nilikuwa nimefikiria macho ya Théophile tu.

"Plamedie," Théophile akauliza kwa sauti ya mahakamani, "hawa bageni unabajua?"

"Ninabajua, papa."

"Bintu byabo tukamate?"

Akafungua mdomo, lakini yule mjinga alikuwa hajashiba sifa. Akamwinulia mkono. "Ngoya mbele. Weye njo unajua matelefone. Kamata, angalia, ambia bantu bote: hii njo yenyewe?"

Akampa.

Niliona kila kitu. Niliuona mkono wake ukishuka kidogo na kupanda, ukipima uzito. Aliigeuza. Akapitisha ukucha wa kidole kidogo kuzunguka kamera ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye ya tatu ukucha ukasimama. Hakuinama kuchungulia tundu, hakuhitaji. Kama angesema neno moja tu, wangesimama, mbuzi wangefunguliwa, na Joachim angemkosa mke mbele ya mtaa mzima, kwa kosa ambalo hakulijua.

Alimtazama Joachim kwanza. Joachim alikuwa anamtabasamia, uso mkunjufu kabisa, masikio yametulia. Kisha akanitazama mimi. Sikuyakwepa macho yake. Sijui aliona nini, labda mwanamke mzee aliyejaa hofu.

"Papa," akasema, "mukamate byote. Mukule."

Vigelegele vikapasuka. Lakini alikuwa hajamaliza. Akainua mkono, wakanyamaza.

"Hii telefone, papa, ikipata neno hata kiloko, ulete kwangu. Usipeleke kwa muntu mwengine. Batakuibia bintu bya ndani."

"Munasikia?" Théophile akapaza sauti akiwageukia majirani. "Munasikia vile iko ya maana?"

Wiki iliyofuata mafundi walipanda juu ya kuta. Joachim nilimwambia mabati ni zamu yangu ya likelemba, upatu wetu wa wanawake wa sokoni. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru tena na tena. Hapo, nakiri, niliona aibu. Kumdanganya Théophile ilikuwa raha kama kunywa maji. Kushukuriwa na Joachim kwa pesa yake mwenyewe kuliniuma, na bado kunaniuma.

Harusi ikapita. Théophile alipiga picha za harusi yote, na nusu ya watu hawana vichwa. Alisema simu ya namna ile inachagua yenyewe kitu cha kupiga.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta kwao Kamatanda, Jumapili baada ya chakula: Joachim, Plamedie, mimi, na Théophile aliyekuja kusalimia, yaani kula. Ilianza ghafla, juu ya mabati ikawa kishindo. Kuta zilikaa kavu. Nilikuwa naziangalia kwa furaha, moja baada ya moja, nikasahau kumchukia mtu.

Théophile akasimama mlangoni na simu yake, akaurekodi ule mvumo wa mvua juu ya paa. Alikuwa amesimama chini ya bei ya simu yake, karibu yote, imepigiliwa misumari juu ya kichwa chake, na hakudondokewa hata tone. Akarudi akatusikilizisha, kidole juu.

"Sikiliza. Kila tone iko pekee yake. Na katelefone ka bei kiloko ungesikia tu makelele."

Plamedie akainama haraka kuokota sahani. Niliuma mdomo. Ningecheka mpaka kesho, kama nisingemwona Joachim. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye ile simu, uso wake umejaa heshima.

"Ni kweli, papa," akasema taratibu. "Kila tone." Kisha akanigeukia. "Tantine, iliniumiza kuilipa ile feza. Lakini sasa ninaona: ilikuwa inafaa. Ya bei ni ya bei."

"Joachim..."

"Nimeanza kuweka. Kiloko kiloko. Mwaka kesho minye pia ninataka yangu, sawa ile ya papa. Weye unajua duka. Utaendaka kuninunulia, tantine?"

Théophile akampiga begani, akasema sasa anaongea kama mwanaume. Nami nilikaa pale nikajiona mjinga kuliko wote wawili. Nilitaka kumdanganya Théophile, na aliyedanganyika akawa Joachim, na somo nililomfundisha ni lilelile la Théophile. Mwezi baada ya mwezi atavunja mawe Kakontwe, kope nyeupe, kwa ajili ya lile tundu la kuchajia.

Nilipaswa kumwambia hapohapo. Neno lilikuwa mdomoni. Nikainua macho yakakutana na ya Plamedie. Alikuwa amesimama na sahani mikononi, ameacha kumtazama mume wake. Alitazama dirisha, ambalo ni shimo tu lililozibwa kwa gunia, na mvua ilikuwa inaingia. Akatazama mlango wa chumba chao, ambao ni pazia. Akatazama sakafu ya udongo. Alivipitia vyote bila haraka, kama anayechagua cha kuanza nacho, halafu akanitikisia kichwa, kidogo tu.

"Lete feza kwangu kila mwezi, mutoto yangu," nikamwambia Joachim. "Nitakuwekea ndani ya mkebe. Nitakwenda mimi mwenyewe kukununulia."